Mtoto alizama mita tatu kutoka nilipokaa. Tuongee adabu ya bwawa la pamoja kabla Disemba haijafika

Jirani wa Moshi (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Wakubwa shikamooni.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu Disemba iliyopita, na naona miezi inayoyoma. Makazi yetu hapa Moshi yana nyumba 18 na bwawa moja la kuogelea tunalolichangia kila mwezi. Urefu mita 15, upana mita 6. Upande mmoja maji yanamfika mtu mzima kiunoni, upande wa pili ni mita 2. Mwaka mzima bwawa limetulia, jioni utakuta watoto watano sita na mama mmoja anayefanya mazoezi, basi. Lakini Moshi ya Disemba mnaijua. Watu wamerudi nyumbani kwa sikukuu, "kuhesabiwa" kama tunavyotaniwa, kila nyumba ina magari matatu kutoka Dar, wajukuu wamejaa, mbuzi ameshachinjwa, na kitu cha kwanza mtoto anachouliza akishuka kwenye gari ni bwawa liko wapi.

Tarehe 27, saa tisa alasiri, tulikuwa watu wazima 14 pembeni ya bwawa. Nimewahesabu kichwani usiku mwingi baada ya hapo, ndiyo maana idadi ninayo. Nyama iko jikoni, muziki unalia, watu hawajaonana mwaka mzima wanasimuliana. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki kama mita tatu kutoka ukingoni, najibu ujumbe kwenye simu. Mpwa wangu wa miaka mitano ameketi kwenye ngazi za upande wa kina kifupi, amevaa yale maboya ya kupuliza ya mikononi. Nilimwona. Nikainamisha kichwa kwenye simu. Nilipoinua, ngazi tupu, na maboya mawili ya rangi ya chungwa yanaelea peke yake.

Aliyavua mwenyewe kwa sababu yalikuwa yanambana. Hakupiga kelele, hakurusha maji, hakuita mtu. Aliyemwona ni binti wa jirani wa miaka 11 aliyekuwa amevaa miwani ya kuogelea. Alimwona chini ya maji akadhani anacheza, akaibuka, akazama tena kumtazama vizuri, ndipo akaibuka akipiga ukelele: "Huyu hachezi!"

Tukamtoa. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mjomba wake akamshika miguu akamning'iniza kichwa chini akawa anamtikisa. Jirani mmoja ambaye ni nesi alitoka mbio nyumba ya tatu, akampokonya, akamlaza kwenye sakafu, akaanza kumpulizia. Sijui ilichukua muda gani. Mtoto alitapika, kisha akalia. Alilala hospitali usiku mmoja, na leo ninapoandika yuko darasa la kwanza na ni mzima.

Nilipokuja kuulizana na wenzangu, nikakuta hivi: mama yake, aliyekuwa anakata kachumbari upande wa pili, alijua mimi niko naye. Mimi nilijua mama yake anamwona. Bibi alijua watoto wakubwa wanamwangalia. Macho 28 pembeni ya maji na hakuna hata jicho moja lililokuwa na zamu.

Kamati ya makazi imeniomba nikusanye mawazo ya utaratibu mpya. Bango la "HAIRUHUSIWI" tunalo tayari, limeota kutu na hakuna anayelisoma. Nataka mambo ambayo watu watayafuata kwa sababu wanaelewa sababu yake. Na kwangu mimi adabu na usalama kwenye maji ni kitu kimoja, kwa hiyo leteni yote. Karibuni.

Mama Wawili

Pole sana kaka. Nimeacha kupika nikaenda kuwatazama wangu chumbani.

Hilo la kila mtu kudhani mwenzake anaangalia ndilo lililopo kila mahali. Kwetu tunalitatua kwa kutaja jina. Nikitaka kwenda chooni siondoki kimya kimya, wala siuagi umati, "jamani mnaniangalizia?" Namwendea mtu mmoja, namtazama usoni: "Dada, nakuachia hawa wawili, mwenye kaptula nyekundu na mwenye kijani, mpaka nirudi." Namsubiri ajibu "sawa". Nikirudi namwambia nimerudi, nawachukua. Mwanzoni wifi zangu waliniona najifanya mzungu. Sasa wote wanafanya.

Na wale wa chini ya miaka mitano, kuwatazama kwa mbali hakutoshi. Uwe majini naye, umbali ambao ukinyoosha mkono unamgusa. Hayo maboya ya mikononi ni ya kuchezea tu. Yanachomoka, yanatoboka, na mtoto akiyazoea anaamini anajua kuogelea, siku asipoyavaa anaruka vilevile.

Sasa la adabu, maana nimelibeba muda mrefu. Jamani, tuoge kabla ya kuingia! Kuna watu wanatoka safari ya saa nane, jasho, vumbi, mafuta ya nywele, losheni, wanatumbukia moja kwa moja. Nimewahi kuona mtu anajisugua na sabuni ndani ya bwawa. Nimeona mtoto mwenye nepi ya kawaida ikavimba ikapasuka majini. Kila mtoto apelekwe chooni kabla, na tena kila baada ya saa moja hivi, msingoje aseme. Na mtoto anayeharisha asiingie kabisa, hata akilia namna gani.

La pili ni picha. Mtu anapiga picha za bwawa zima anazirusha WhatsApp, humo ndani kuna binti zetu na vazi la kuogelea, kuna watoto wa watu. Piga picha wa kwako, hakikisha wa mwenzako hayumo, au omba ruhusa. Nilishawahi kupigiwa simu na shemeji yangu aliyeko Mwanza kuwa ameniona kwenye picha ya mtu nisiyemjua. Nilikaa miezi sita bila kuingia majini.

Kapeto

Pole mkuu. Nasoma huku nimemshika mwanangu.

Fundi wa Mabwawa

Nahudumia mabwawa Moshi na Arusha, hoteli na majumbani. Mama Wawili kasema kweli na mimi nieleze kwa nini.

Watu wakisikia ile harufu kali ya "dawa" na macho yakawa mekundu, wananipigia simu kuwa nimezidisha klorini. Mara nyingi ni kinyume. Klorini ikikutana na jasho na mkojo inaungana navyo, na kile kitu kipya kinachozaliwa ndicho kinachonuka na kuwasha macho. Bwawa safi lenye klorini ya kutosha halinuki hivyo. Kwa hiyo bwawa likinuka, jua watu hawakuoga na watoto wamekojoa, na klorini iliyobaki ya kuua vijidudu ni kidogo.

Kipimo: klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Karatasi za kupimia zinauzwa kwa kopo, unachovya unalinganisha rangi, dakika haijaisha una jibu. Bwawa la mleta uzi kwa vipimo alivyotoa lina kama lita 130,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita inatakiwa gramu 130 za klorini tupu, na kwa ile ya unga yenye asilimia 65 ni kama gramu 200. Sasa nenda kamuulize anayehudumia bwawa lenu anapima kwa kitu gani. Wengi watakujibu "vikopo viwili". Vikopo viwili vya Januari haviwezi kuwa sawa na vya tarehe 27 Disemba wakati watu 40 wako ndani. Siku za msongamano pimeni asubuhi, mchana na jioni. Dawa iwekwe jioni watu wakishatoka, maana jua linaila. Anayechanganya aweke dawa kwenye ndoo yenye maji, asimwagie maji juu ya dawa, na asiikutanishe na tindikali hata kidogo, gesi inayotoka hapo inaunguza mapafu.

Mtoto akijisaidia majini: kama ni kigumu, watu wote watoke, kitolewe, klorini ifikishwe 2, pH isizidi 7.5, msubiri nusu saa. Kama ni kuhara, hilo ni jambo jingine kabisa. Kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidi, kinaweza kuishi zaidi ya wiki nzima kwenye maji yenye klorini ya kawaida. Bwawa linafungwa, klorini inapandishwa mpaka 20 kwa karibu saa 13, ndipo inashushwa. Kwa hiyo mama anayeficha kwamba mwanae amejiharishia, kwa aibu, anawapa ugonjwa watoto wa nyumba zote 18. Msimcheke mama wa namna hiyo. Mkimcheka, wa kesho ataficha.

Mawili ya mwisho. Sakafuni upande wa kina kirefu kuna tundu la kunyonya maji, lina kifuniko chenye matundu. Kifuniko kikipasuka au kikitoka, pampu izimwe na bwawa lifungwe siku hiyohiyo. Lile tundu linanyonya nywele na nguo, na mtoto hana nguvu ya kujinasua. Mwenye rasta ndefu azifunge juu au avae kofia. Na kila asubuhi simama ukingoni utazame chini: kama hulioni tundu hilo vizuri, maji ni machafu kiasi kwamba hata mtu akizama hutamwona. Usimruhusu mtu kuingia.

Mzee wa Kibosho

Wanangu, nawasoma. Nina miaka 71. Sisi tumejifunza kuogelea kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba. Tulikuwa tunaziba maji kwa magogo ya migomba na udongo, kinapatikana kidimbwi, tunaogelea mpaka mwenye zamu ya kumwagilia aje atukimbize na fimbo. Hakukuwa na karatasi za kupimia wala mtu mzima ukingoni. Naona sasa mnataka kuweka sheria nyingi mpaka mtoto aogope maji. Mtoto anayeogopa maji ndiye anayezama.

Mama Wawili

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Lakini mfongo ulikuwa unakufika wapi, si kwenye mapaja? Na mlikuwa watoto wa rika moja mnaojuana. Bwawa la leo lina mita 2, na mtoto ametoka gorofani Dar hajawahi kuona maji ya kumfika shingoni.

Nesi wa Zamu

Marahaba kwa walionisalimia kwenye ujumbe binafsi. Mzee shikamoo.

Niseme la kitabibu kwa sababu nimeona kwenye simulizi ya mleta uzi mambo mawili ambayo nayaona kazini.

La kwanza, ukimya. Watu wanangoja mtu anayezama apige kelele na kupunga mikono. Anayezama kweli hawezi kuita, kwa sababu mdomo uko usawa wa maji, unazama unaibuka, na pumzi yote anaitafuta kwa ajili ya kuishi, hana ya kutolea sauti. Mikono haipungi, inakandamiza maji kwa pembeni. Kichwa kimelala nyuma, macho hayatazami kitu, nywele zimefunika uso na yeye hahangaiki kuziondoa. Anaonekana kama anayepanda ngazi isiyokuwepo. Hali hiyo inachukua kati ya sekunde 20 na 60, kisha anashuka chini. Kwa mtoto mdogo hesabu sekunde 20. Ujumbe mmoja wa simu. Ukimwona mtoto aliyekuwa anapiga kelele majini amenyamaza, mwulize, "Uko sawa?" Asipojibu, mfuate.

La pili, kumning'iniza kichwa chini na kumkandamiza tumbo. Naomba kila anayesoma hapa aliache leo. Najua tulilikuta kwa wazee na lilifanywa kwa upendo. Maji yanayoingia kwenye mapafu huwa ni kidogo kuliko mnavyofikiri, na shida yake ni kwamba hewa haifiki kwenye ubongo. Kumtikisa kunakula muda, na kukandamiza tumbo kunatoa chakula kinachokwenda kuingia kwenye mapafu. Ubongo ukikosa hewa dakika 4 hadi 6 unaanza kuharibika.

Fanya hivi. Mlaze chali mahali pagumu. Mwinamishe kichwa nyuma kidogo, nyanyua kidevu, tazama kama kifua kinapanda. Kama hapumui, mbane pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, puliza taratibu mpaka kifua kinyanyuke. Mara tano. Kwa aliyezama tunaanza na pumzi kwa sababu kilichomkosesha uhai ni pumzi. Hakuna dalili ya uhai? Weka kiganja katikati ya kifua, kandamiza mara 30, kisha pumzi 2, tena 30, tena 2. Mwendo ni 100 hadi 120 kwa dakika, yaani haraka kuliko unavyodhani. Kina ni kama theluthi moja ya kifua chake, kwa mtoto wa miaka mitano ni kama sentimita 5. Akitapika mgeuze ubavu, msafishe, endelea. Usiache mpaka apumue au upokewe na mtaalamu. Wakati huo mwingine apige simu 114, Zimamoto na Uokoaji, na mwingine awashe gari.

Akishazinduka, hospitali ni lazima hata kama anacheka. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuanza kusumbua saa chache baadaye. Tunamtazama kwa saa 8 hivi. Akikohoa bila kuacha, akipumua haraka au akisinzia kusiko kwa kawaida, tunamlaza.

Mleta uzi, usijibebeshe peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wao walikuwa na watu wanaowapenda karibu.

Dereva wa Watalii

Nachangia kuhusu kina. Mimi napeleka wageni Chemka pale karibu na Boma Ng'ombe kila wiki. Yale maji ni angavu mpaka unaona jani chini, na hapo ndipo wageni wanapojidanganya. Maji angavu yanafanya chini paonekane karibu. Palipo na mita 2 jicho linaona kama mita 1 na nusu. Mtu wa urefu wa wastani anasema hapa nasimama, anashuka, hafiki. Nimemvuta kijana mmoja kwa taulo kwa sababu hiyo.

Kwenye bwawa lenu andikeni kina kwa namba kubwa ukingoni, kila upande, na kamba yenye maboya ikatize pale sakafu inapoanza kuteremka. Halafu marufuku ya kurukia kichwa upande wa kina kifupi. Kichwa kikigonga sakafu, shingo inavunjika, na mtu anaishi miaka 40 bila kuhisi miguu. Ingieni kwa miguu kwanza.

Na kingine: mtu akizama, asiyejua kuokoa asirukie. Anayezama anakupanda kichwani, mnakwenda wawili. Lala kifudifudi ukingoni, mnyooshee kitu, taulo, fimbo, kiti, au mrushie kitu kinachoelea. Dumu la lita 20 tupu lenye kifuniko na kamba linamwelesha mtu mzima vizuri, na kila nyumba linalo.

Kijana wa Njiro

Huku Arusha tuna bwawa la pamoja pia na tatizo letu ni mlinzi. Uongozi ulisema tuna mwokoaji. Kumbe ni mlinzi wa geti, kapewa fulana ya njano. Siku moja nilimwuliza kwa heshima, "Kaka, unajua kuogelea?" Akaniambia hapana, yeye ni mtu wa Singida, alipewa fulana na hakutaka kukosa kazi. Sikumlaumu yeye hata kidogo. Mngemuuliza na wa kwenu. Kama hajui, mvueni hiyo fulana, maana inawafanya wazazi walegee.

La baridi: Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai maji yasiyopashwa moto yanauma mifupa. Mtoto akianza kutetemeka na midomo kubadilika, atoke, akaushwe, anywe kitu cha moto. Akisema hasikii baridi msimsikilize. Na ukiingia ghafla kwenye maji ya baridi unavuta pumzi bila kutaka, na ukiwa chini ya maji unavuta maji. Ingieni taratibu, jimwagieni mikono na kifua kwanza.

Radi ikisikika, watu watoke wote, wasirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Masika hii watu walinibishia.

Bibi Harusi wa Majengo

Naomba kuuliza. Mimi ni Mwislamu, nina vazi la kuogelea linalofunika mwili wote na kichwa, limeshonwa kwa kitambaa chake. Bwawa moja nilikatazwa kuingia nikaambiwa "huku hatuogi na nguo". Nyumbani nililia. Hili nalo linaingia kwenye adabu au mimi nakosea?

Fundi wa Mabwawa

Hukosei dada. Kinachotakiwa ni kitambaa, urefu wake hauna shida. Kitambaa cha kuogelea hakinywi maji na hakitoi nyuzi. Ninachokataza mimi ni jinsi, fulana za pamba, kanga na nguo ambazo mtu ameshinda nazo. Zinaleta uchafu, nyuzi zinaziba chujio, na zikilowa ni nzito. Kanga ikinasa miguuni, hata anayejua kuogelea anazama. Aliyekukataza alichanganya mambo, na anapaswa kukuomba radhi.

Mama Wawili

Mdogo wangu, njoo uogelee nasi. Sisi tuliomba Jumatano jioni iwe saa ya wanawake na watoto wadogo tu. Wanaume walinung'unika wiki mbili, sasa wamezoea. Kuna akina mama wa miaka 50 wamejifunza kuelea kwa mara ya kwanza maishani.

Mzee wa Kibosho

Nesi, nimekusoma mara mbili. Huko kuning'iniza nimefanya mwenyewe, kwa mikono hii, miaka mingi iliyopita, kwa mtoto wa jirani aliyetumbukia kwenye pipa la maji. Alipona, nikaamini ndiyo dawa. Nimewafundisha na wanangu. Leo jioni nitawapigia simu mmoja mmoja.

Lakini neno langu la kwanza sijaliacha. Waangalieni watoto, sawa, na muwafundishe pia. Jicho litachoka siku moja.

Nesi wa Zamu

Mzee uko sahihi, na hilo si maoni tu. Hata Shirika la Afya Duniani linashauri watoto kuanzia miaka sita wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Kitu cha kwanza kisiwe mbio. Ajue kugeuka chali akaelea, kupuliza mapovu bila hofu, na kurudi ukingoni kushika ukuta. Mtoto anayeweza kutumbukia, kugeuka na kushika ukuta amejinunulia muda wa mtu kumfikia. Ila asiachwe kwa sababu tu ameshajua.

Na msiruhusu mashindano ya kukaa chini ya maji. Vijana wanahema haraka haraka mara kumi kabla ya kuzama ili wakae zaidi. Kuhema hivyo kunaiondoa ile hamu ya kuvuta pumzi, mtu anazimia chini bila onyo, na huyo anakuwa ndiye muogeleaji hodari kuliko wote.

Jirani wa Moshi (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, tulikuwa na kikao Jumapili na niliwasomea karibu kila mlichoandika. Kilichukua saa tatu.

Jambo lililobishaniwa sana ni bia. Wapo waliosema Disemba ni Disemba. Tumekubaliana vinywaji vikae upande wa jiko, glasi na chupa zisivuke mstari wa vigae, na aliyekunywa haingii majini wala hapewi zamu. Wawili waliondoka wamekasirika. Mmoja alirudi jioni kunipa mkono.

Zamu ndiyo kubwa. Tumenunua kofia nyekundu na filimbi. Anayeivaa kofia ni mtu mzima anayejua kuogelea, kwa dakika 20. Simu yake inakaa mezani kwa mwenzake, hali chakula, haongei na mtu, anatazama maji tu. Hatoki mpaka amvalishe mwingine kwa mkono wake na kumwambia idadi ya watoto waliomo. Hakuna mwenye kofia, hakuna mtoto kuingia. Na kofia haimwondolei mzazi wa mdogo wajibu wa kuwa naye majini. Zamu ya kwanza ya tarehe 24 nimeiomba mimi.

Mlinzi tulimwuliza kama Kijana wa Njiro alivyosema. Hajui kuogelea. Alishukuru kuulizwa, na anataka kujifunza, kwa hiyo ataingia kwenye somo la Jumamosi pamoja na watoto. Nesi jirani yetu atatufundisha pumzi na kifua, watu wazima wote wa nyumba 18, bila kujali nani ana mtoto. Tundu la kunyonya tulilikagua: kifuniko kina ufa. Pampu imezimwa na bwawa limefungwa mpaka kipya kifike, na watoto wamenuna.

Yule binti wa miaka 11 alikuwepo kikaoni na mama yake. Mwenyekiti alimpa nafasi aseme. Alisema anaomba watoto wadogo wanunuliwe kofia za rangi kali, kwa sababu siku ile mpwa wangu alikuwa na kaptula ya bluu na chini ya maji alikuwa haonekani. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewaza hilo. Tumechagua njano.

Mama Wawili

Na ya kumvutia mtu mmepata? Dereva alisema taulo lakini taulo ni fupi.

Jirani wa Moshi (mleta uzi)

Tumepata, dada. Mwanzi wa mita nne, mkavu, tumeusafisha vizuri, tumeufunga kitambaa chekundu kwenye ncha. Unalala kwenye ndoano mbili ukutani karibu na bafu, chini kabisa, mahali ambapo hata yule binti anaufikia.